Mfano wa Jaribio Unapodanganya: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuurekebisha

Wengi wetu tulijifunza kuandika majaribio ya programu kwa kunakili mfano kutoka kwenye nyaraka, kubadili majina mawili matatu, kisha kuuendesha. Ukipita, tunasonga mbele. Mfano mbovu wa programu ya kawaida hujifichua wenyewe: programu inakwama, mtu analalamika, mtunza nyaraka anausahihisha. Mfano mbovu wa jaribio hauna kelele. Unaonyesha kijani, yaani umepita, kila siku, na aliyeunakili anaamini kazi yake inalindwa ilhali hakuna kinachoilinda. Ndiyo maana naona kosa la aina hii linastahili kurekebishwa kwa haraka kuliko makosa mengine yote ya nyaraka.

Mwongozo huu unamhusu anayetunza nyaraka, na pia msomaji aliyekuta mfano usioaminika akataka kuurekebisha. Sehemu kubwa nitatumia Python na zana zake za majaribio, yaani `unittest`, `unittest.mock` na `pytest`. Mifano mingi inahusu funksheni moja, `hesabu_nauli(km)`, ambayo kwa kilomita 12 inapaswa kurudisha 600.

Kabla ya kutafuta chanzo chochote, fanya jambo moja: haribu msimbo unaojaribiwa kwa makusudi. Weka `return 550` mahali pa hesabu sahihi, kisha endesha mfano. Ukigeuka mwekundu, yaani ukianguka, mfano unafanya kazi yake, na kama una kasoro basi ni za maelezo tu. Ukibaki kijani, anza na dalili inayofuata.

Dalili: umeharibu msimbo, jaribio bado linapita

Chanzo cha kawaida kabisa ni dai (assertion) lisilolinganisha kitu.

```python
self.assertTrue(hesabu_nauli(12), 600)
```

Msomaji anaona namba mbili na kudhani zinalinganishwa. Sivyo. Hoja ya pili ya `assertTrue` ni ujumbe wa kuonyeshwa jaribio likianguka. Kinachopimwa ni iwapo `hesabu_nauli(12)` ni kitu ambacho Python hukihesabu kuwa kweli, na namba yoyote isiyo sifuri ni kweli. Irudishe 550, irudishe 7, jaribio litapita. Rekebisha kwa `self.assertEqual(hesabu_nauli(12), 600)`.

Kuna na ndugu yake, ambaye huzaliwa mwandishi anapotaka kugawa mstari mrefu kwa mabano:

```python
assert (hesabu_nauli(12) == 600, "nauli si sahihi")
```

Mabano yamegeuza dai kuwa `tuple`, yaani fungu, yenye vitu viwili, na `tuple` yenye kitu ndani ni kweli daima. Python yenyewe hutoa onyo la `SyntaxWarning` hapa, na `pytest` nayo hutahadharisha, lakini onyo hupotea kwa urahisi kati ya mistari mingi ya terminali. Ondoa mabano. Kama mstari ni mrefu mno, weka matokeo kwenye kigeu kwanza, kisha dai lako liwe fupi.

Chanzo cha tatu ndicho kilichosumbua watu kwa miaka mingi, nacho ni moki, yaani kitu cha bandia kinachokaa mahali pa kitu halisi wakati wa jaribio. Tazama mfano huu:

```python
from unittest.mock import Mock

mtumaji = Mock()
arifu_mteja(mtumaji, "Oda imefika")
mtumaji.tuma.called_once_with("Oda imefika")
```

Unasomeka vizuri: mtumaji aliitwa mara moja akiwa na ujumbe huu. Lakini hakuna metodi inayoitwa `called_once_with`. Ile halisi ni `assert_called_once_with`. Kwa nini basi, katika Python ya kabla ya 3.12, hakuna kosa? Kwa sababu kazi ya `Mock` ni kukubali chochote unachomwomba. Ukimtajia sifa asiyokuwa nayo, anaiumba papo hapo na kukurudishia moki nyingine. Kwa hiyo mstari wa mwisho haukukagua lolote. Uliita tu moki mpya, nayo ikaitika. Hata ukifuta mstari wa `arifu_mteja` kabisa, jaribio linapita.

Historia yake inafaa kujulikana na yeyote anayesahihisha nyaraka za zamani, kwa kuwa mfano uleule una tabia tofauti kulingana na toleo. `mock` iliingia kwenye maktaba ya kawaida ya Python katika toleo la 3.3, mwaka 2012. Wakati huo hata `assert_called_once()`, jina linaloonekana halali kabisa, halikuwepo, na moki ilikuwa ikilimeza kimya kimya. Toleo la 3.5 likaanza kukataa sifa zisizokuwepo zinazoanza na `assert`, pamoja na herufi zilizopinduka kama `assret`, kwa kutupa `AttributeError`. Toleo la 3.6 likaongeza `assert_called_once` ya kweli. Majina yasiyo na kiambishi hicho, kama `called_once` na `called_once_with`, yaliendelea kupenya hadi toleo la 3.12 la mwaka 2023, ambalo nalo sasa huyakataa. Nyaraka zilieleza matumizi sahihi muda wote huo, na bado maktaba yenyewe ikalazimika kubadilika. Hilo linaonyesha ni kiasi gani mifano mibovu ilivyokuwa imeenea.

Marekebisho yana hatua mbili, na usiishie ya kwanza. Andika jina sahihi la metodi. Kisha mfundishe msomaji kuifunga moki kwenye umbo la kitu halisi:

```python
from unittest.mock import create_autospec

mtumaji = create_autospec(Mtumaji, instance=True)
arifu_mteja(mtumaji, "Oda imefika")
mtumaji.tuma.assert_called_once_with("Oda imefika")
```

Moki hii inazijua metodi za `Mtumaji` pekee. Jina la kubuni linatupa kosa katika matoleo yote yanayotumika, na ukiita `tuma` kwa idadi ya hoja isiyolingana na ile halisi unapata `TypeError`. Binafsi naona nyaraka zinazoanza na `Mock()` tupu, kisha kuiweka `create_autospec` kwenye ukurasa wa mbali kama jambo la wajuzi, zimepanga mambo kinyume. Anayeanza ndiye anayehitaji ulinzi zaidi.

Chanzo cha nne kiko kwenye majaribio ya makosa:

```python
with pytest.raises(ValueError) as kosa:
    hesabu_nauli(-3)
    assert "hasi" in str(kosa.value)
```

Mara `hesabu_nauli(-3)` inapotupa kosa, Python inatoka ndani ya `with`. Mstari wa tatu hauguswi kamwe. Unaweza kuandika `assert "embe" in str(kosa.value)` na jaribio likapita. Urudishe mstari huo nyuma, usawa wa `with`, ndipo utaendeshwa.

Palepale angalia aina ya kosa linalosubiriwa. Mfano wenye `pytest.raises(Exception)` hupita kwa sababu zisizohusika kabisa. Andika `hesabu_nauri(-3)` kwa kukosea herufi: Python inatupa `NameError`, ambalo nalo ni `Exception`, na jaribio linatangaza kwamba umbali hasi umekataliwa vizuri. Taja kosa lenyewe, na uongeze `match`, inayokagua maneno ya ujumbe, inapowezekana. Ila `match` husoma maandishi kama ruwaza ya utafutaji. Ukiandika `match="nauli (TSh)"` mabano hayatachukuliwa kama mabano, na jaribio litaanguka huku ujumbe ukionekana kufanana kabisa na ulichoandika. Tumia `re.escape` pale ujumbe una mabano, nukta au alama ya kuuliza.

Dalili: jaribio halionekani kwenye hesabu ya mwisho

Hii inawagusa zaidi wanaotafsiri au kuandika mafunzo kwa Kiswahili. Mwandishi anataka mfano usomeke vizuri, anaandika:

```python
def jaribu_nauli_ya_mjini():
    assert hesabu_nauli(12) == 600
```

`pytest` hukusanya funksheni ambazo majina yake yanaanza na `test`, ndani ya faili zenye majina ya mtindo wa `test_*.py` au `*_test.py`. Hii haitaiona. Kama faili haina jaribio lingine, utapata ujumbe wa `no tests ran` na `pytest` itamaliza kwa namba ya kutokea 5, hivyo tatizo litajulikana. Kama faili ina majaribio mengine yenye majina halali, hakuna atakayegundua kwamba moja limeachwa nje. Andika `test_nauli_ya_mjini`, Kiswahili kianzie baada ya kiambishi. Mradi ukiamua kutumia neno lake wenyewe, uweke mpangilio wa `python_functions` kwenye usanidi, na mfano uuonyeshe usanidi huo palepale, kwa sababu msomaji atanakili kipande anachokiona tu.

Kuna sababu nyingine ya jaribio kupotea. Ukurasa wa nyaraka una mifano miwili, yote ikiitwa `test_nauli`. Kila mmoja peke yake ni sahihi. Msomaji akiibandika yote kwenye faili moja, wa pili unamfuta wa kwanza, kwa kuwa Python huacha jina lielekee kwa aliyekuja mwisho. Ipe mifano ya ukurasa mmoja majina tofauti.

Halafu kuna `async def`, ambayo huhesabiwa bila kuendeshwa. Ndani ya `unittest.TestCase` ya kawaida, jaribio la `async def` likiitwa linarudisha korutini, yaani kazi ambayo bado haijaanza, na hakuna anayeisubiri. Mwili wake hauendeshwi, na jaribio linahesabiwa kuwa limepita. Kuanzia 3.11 unapata onyo kwamba jaribio limerudisha kitu kisicho `None`. Mfano unatakiwa kutumia `IsolatedAsyncioTestCase`, iliyopo tangu 3.8.

Dalili: moki imewekwa lakini msimbo halisi bado unaitwa

Jaribio linachelewa bila sababu, au linaanguka intaneti ikikatika, au dai linasema moki haikuitwa hata mara moja. Angalia mahali `patch`, inayoweka moki mahali pa jina halisi, ilipoelekezwa. Tuseme `malipo.py` ina mstari huu:

```python
from mtandao import tuma
```

na mfano wa jaribio unasema `@patch("mtandao.tuma")`. Moki imewekwa kwenye moduli ya `mtandao`, lakini `malipo` tayari ina jina lake la `tuma` linaloelekea kwenye funksheni ya awali. Sahihi ni `@patch("malipo.tuma")`: unabadilisha pale jina linapotafutwa wakati wa kuitwa. Nyaraka rasmi za Python zina sehemu nzima inayoeleza hili. Tatizo ni kwamba mifano mingi ya mafunzo huweka kila kitu kwenye faili moja ili iwe mifupi, na kwenye faili moja tofauti hii haionekani. Mfano wa `patch` usio na angalau faili mbili unamficha msomaji jambo lenyewe alilokuja kujifunza. Hapa ufupi unamgharimu msomaji, basi ongeza mistari.

Dekoreta za `patch`, yaani mistari ya `@patch` juu ya jaribio, zikiwa mbili au zaidi, hoja huja kuanzia ya chini kwenda juu. Mfano uliopanga hoja kwa mfuatano wa macho, juu kwenda chini, umezibadilishana, na kama moki zote mbili ni tupu hakuna atakayelalamika.

Dalili: mfano ni mwekundu kwa kila anayeunakili

Hizi ni nyepesi. `assertEquals`, jina la zamani la `assertEqual`, liliondolewa katika 3.12, kwa hiyo mafunzo mengi ya miaka ya nyuma yameacha kufanya kazi kwa sababu ya herufi moja. Alama za `>>>` zilizonakiliwa pamoja na msimbo, au nukuu zilizopindwa na programu ya kuandikia barua, huleta `SyntaxError`. Mfano unaolinganisha `0.1 + 0.2` na `0.3` utaanguka kila mahali: tumia `pytest.approx` au `assertAlmostEqual`. Mfano unaochapisha seti, saa ya sasa au anwani ya kumbukumbu unaweza kutoa jibu tofauti kila mara.

Nje ya Python

Sumu ni ileile, chupa tofauti. Kwenye Jest, zana ya majaribio ya JavaScript, mfano huu hupita hata kama `hesabuNauli` haikutupa kosa lolote, kwa kuwa dai liko ndani ya `catch` ambayo haikufikiwa:

```javascript
test("umbali hasi unakataliwa", async () => {
  try {
    await hesabuNauli(-3);
  } catch (e) {
    expect(e.message).toMatch("hasi");
  }
});
```

Badala yake: `await expect(hesabuNauli(-3)).rejects.toThrow("hasi")`. Na hiyo `await` ya mbele isidondoke, maana bila hiyo, na bila `return`, jaribio linaisha kabla ahadi (promise) haijatimia.

Kwa Java, angalia mfuatano wa hoja pale nyaraka zilipohamishwa kutoka JUnit 4 kwenda JUnit 5. Kwenye JUnit 4 ujumbe wa `assertEquals` ulikuwa hoja ya kwanza. Kwenye JUnit 5 uko mwisho. Kama hoja zote tatu ni maandishi, mfano wa zamani bado unajengeka vizuri, ila sasa unalinganisha ujumbe na jibu linalotarajiwa. Kwa Go, funksheni ya `Example` isiyo na maoni ya `// Output:` hujengwa lakini haiendeshwi.

Kuandika marekebisho yenyewe

Tengeneza mazingira mapya kwa `venv`, nakili mfano kama ulivyo, uendeshe, kisha haribu msimbo na uuendeshe tena. Andika toleo la Python na la maktaba ulilotumia. Mtunza nyaraka akipata tiketi inayosema "mfano huu unapita hata nikirudisha 550, Python 3.11", hana haja ya kubishana nawe. Akipata "mfano huu si mzuri", ataiweka kando.

Badilisha kidogo iwezekanavyo. Kishawishi cha kupanga upya aya nzima na kubadili majina unayoyachukia ni kikubwa, lakini kinamfanya mkaguzi ashindwe kuona mstari mmoja uliokuwa na kosa. Na kama ulikuta kosa kwenye tafsiri, fungua asili kwanza. Likiwa limetoka huko, peleka marekebisho huko, la sivyo tafsiri inayofuata italirudisha.

Sasa zuia kosa lisirudi. Python ina `doctest`, inayosoma mistari ya `>>>` ndani ya nyaraka, kuiendesha, na kulinganisha matokeo. Sphinx, zana ya kutengeneza nyaraka, ina kiendelezi chake kwa ajili hiyo, na `pytest` huifikia kwa `--doctest-glob="*.rst"`. Itumie, lakini ujue mpaka wake: `doctest` inathibitisha kwamba mfano unaendeshwa na kutoa kilichoandikwa. Dai lisilokagua chochote kwa kawaida halichapishi chochote, na halitupi kosa, kwa hiyo `doctest` italipitisha kwa furaha. Ule mfano wa `called_once_with`, ukiwa ndani ya funksheni ya jaribio, ungepita `doctest` miaka yote hiyo kabla ya 3.12.

Dawa ni kuandika kwenye nyaraka anguko lenyewe, kando ya mafanikio:

```
>>> from unittest.mock import Mock
>>> mtumaji = Mock()
>>> _ = mtumaji.tuma("Oda imefika")
>>> mtumaji.tuma.assert_called_once_with("Oda imefika")
>>> mtumaji.tuma.assert_called_once_with("Oda imepotea")  # doctest: +ELLIPSIS
Traceback (most recent call last):
    ...
AssertionError: ...
```

Mstari wa tano ndio wenye thamani. Mtu akija kesho akabadili jina la metodi kimakosa, `AssertionError` haitatokea, na `doctest` italalamika. Msomaji naye anafaidika: ameona sura ya anguko kabla halijamkuta kazini. Nukta tatu zilizo mwishoni zimewekwa kwa sababu maneno ya ujumbe hubadilika kati ya matoleo. Usizitumie mahali ambapo maneno ndiyo unayoyafundisha, kwani hukubali chochote. Angalia pia `# doctest: +SKIP` zilizosahaulika, na uendeshe na `-v` mara moja uone mifano mingapi imekaguliwa kweli. Faili isiyo na `>>>` hata moja hupita bila neno.

Mwisho, kosa moja kwenye ukurasa mmoja kwa kawaida lina ndugu kwenye kurasa nyingine, maana waandishi wa nyaraka nao hunakili. Tafuta:

```
grep -rnE "\.called_(once|with|once_with)\b" docs/
grep -rnE "assertTrue\(.*, *[0-9]" docs/
grep -rn "pytest.raises(Exception)" docs/
```

Ya pili itakuletea na zisizo na kosa, zipitie kwa macho. Kama mifano inakaa kwenye faili halisi za `.py` na kuvutwa ndani ya ukurasa kwa `literalinclude` ya Sphinx, Ruff, zana ya kukagua msimbo wa Python, itakufanyia sehemu kubwa ya kazi: kanuni ya F631 hukamata dai la `tuple`, F811 majina yaliyojirudia, B017 `Exception` pana, na PGH005 sifa za moki zilizoandikwa vibaya. Ziwashe zote nne kwenye ukaguzi wa kila badiliko. Kisha rudia marekebisho kwenye matawi ya matoleo ya zamani ambayo nyaraka zake bado zinasomwa, ukianza na yale yanayohudumia Python ya chini ya 3.12, kwa sababu huko ndiko maktaba bado inanyamaza.